Jibu: Kujiandikia programu ya seva ya kundi la wachimbaji

Waalaykum salaam, ndugu yangu wa Lamu. Umeuliza kama wewe na wenzako, mlio na mashine chache za kuchimba Bitcoin (za SHA-256, kanuni ya hesabu ambayo Bitcoin huitumia), mjiandikie programu ya seva ya kundi lenu la uchimbaji au mchukue iliyo tayari. Mimi naendesha seva ya namna hiyo kwa wachimbaji wachache wa hapa Malindi, na rai yangu ni kwamba jiandikieni, lakini si yote. Kukagua miamala na kutayarisha kiolezo cha bloku, yaani fungu la miamala ambalo wachimbaji hushindania kuliongeza kwenye mtandao, ni kazi ya nodi, programu inayowaunganisha na mtandao wa Bitcoin, nayo hukitoa kwa amri ya getblocktemplate, msiiguse. Jasho lenu liende kwenye daftari la shea, yaani majibu ambayo kila mashine huyaleta kama ushahidi wa kazi yake na ambayo kwayo hulipwa, kwa maana sijaona watu wakigombana kwa sababu ya itifaki, ila kwa hesabu nimewaona.

Itifaki yenyewe, Stratum, lugha ambayo mashine na seva huzungumza, iliyoanza kutumika mwaka 2012, ni mistari ya maandishi ya JSON ipitayo juu ya TCP, muunganisho wa kawaida wa intaneti: mashine hujisajili, hujitambulisha, hupewa kazi, hurudisha jibu. La kuangalia sana ni kila muunganisho upewe extranonce1 yake, namba inayoitofautisha kazi yake na ya wengine. Nonsi, namba ambayo mashine huibadilishabadilisha ikitafuta jibu, ina biti 32 tu, na mashine ya terahashi 100 (majaribio trilioni 100) kwa sekunde huzimaliza thamani zake zote, takriban bilioni 4.29, kabla sehemu moja ya elfu ya sekunde haijatimia. Mashine mbili zikipewa extranonce1 moja, huenda zikapekua palepale, na bei ya umeme mnaijua wenyewe.

Ugumu wa shea, yaani kiwango ambacho jibu lazima likifikie ili lipokelewe, nao upangwe kwa kila mashine kulingana na nguvu zake. Mashine hiyohiyo ikiachwa kwenye ugumu wa 1 itawamwagia shea zaidi ya 23,000 kila sekunde. Mkitaka shea moja kwa kila sekunde kumi hivi, ipandisheni hadi karibu 233,000.

Sasa daftari. Shea inapofika, ikaguliwe kwanza kama haijawahi kuletwa, kwa kulinganisha namba ya kazi, extranonce2 (namba nyingine ambayo mashine yenyewe huibadilisha), saa na nonsi. Kisha iandikwe kwa ugumu ambao mashine ilipangiwa kazi ile ilipotolewa, si ugumu wa sasa, wala ule wa hashi, yaani tokeo la hesabu, iliyopatikana kwa bahati. Kijana mmoja alinijia amenuna, akidai kwamba mwenzake mwenye mashine kama yake ana shea maradufu ilhali malipo yao ni sawa. Nilimfungulia daftari mstari kwa mstari: shea za mwenzake zilikuwa nyingi, lakini kila moja ilikuwa na nusu ya ugumu wa zile zake. Hakuwa na neno tena. Kama ningehifadhi jumla tu, ningemjibu nini?

Shea ikitimiza ugumu wa mtandao mzima, bloku ipelekwe kwa nodi kwanza, uandishi ufuate, kwa sababu hapo mnashindana na dunia nzima. Umbali pia una gharama yake. Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota, seva yetu ilikuwa Ulaya, na shea nyingi zilifika zikiwa za bloku iliyokwisha kupita. Tangu hapo lango la kupokelea tumeliweka Nairobi.

Kwa kundi dogo sishauri kulipa kila shea papo hapo, kwani mkikaa muda mrefu bila bloku, mwenye seva ndiye atakayefilisika. PPLNS, inayogawa malipo kwa shea za mwisho kabla ya bloku kupatikana, huwabebesha wote bahati hiyo. Hesabu zote ziwe kwa satoshi, kipande kidogo kabisa cha Bitcoin, namba kamili zisizo na desimali, na msimlipe mtu kabla bloku haijakomaa. Kwa Bitcoin, zawadi ya bloku haitumiki mpaka ifikishe uthibitisho 100, na kila bloku inayojengwa juu yake huongeza mmoja.

Kabla ya kumuunganisha mtu yeyote, iwasheni nodi katika hali ya majaribio iitwayo regtest, ambamo bloku huzalishwa kwa amri, muizime seva ghafla katikati ya malipo, kama umeme unavyokatika huku kwetu, kisha muiwashe tena muone kama kuna atakayelipwa mara mbili.