Sevo za HV: betri kwa sevo, volti 5 kwa bodi

Kama unaunda mkono wa roboti huko Nakuru, Kisumu au Kakamega na sevo zako (mota zinazogeuka hadi pembe unayoziamuru) zimeandikwa HV, yaani volti za juu, ubavuni, elewa kwanza kwamba volti hizo za juu ni za sevo peke yake. Bodi inayoziamuru, iwe Arduino Uno au ESP32, haifai kuzionja hata kidogo. Na njia ambayo umeme huo hupenya hadi kwenye bodi mara nyingi ni waya mmoja: ule mwekundu wa katikati kwenye plagi ya sevo.

Sevo ndogo kama SG90 hupewa volti 5, mwisho 6. Sevo ya HV kwa kawaida hutengenezewa volti 6 hadi 8.4, yaani betri ya lithiamu yenye seli mbili zilizofuatana: inaitwa ya volti 7.4, lakini ikijaa inafika 8.4. Soma kibandiko kabla ya kununua betri, kwa sababu ziko sevo kubwa zinazoishia volti 6.8 au 7.4, na betri iliyojaa huzizidi. SG90 usiichomeke kamwe kwenye laini hiyo, hata kwa kujaribu tu.

Sasa ule waya mwekundu. Kwenye bodi za kupachika juu ya Arduino, safu ya pini za katikati mara nyingi imeungana na laini ya volti 5 ya Arduino yenyewe. Ukiingiza betri hapo, volti 8.4 zinarudi moja kwa moja hadi kwenye chipu ya ATmega328P, ambayo kikomo chake ni volti 6. Baadhi ya bodi hizo zina jampa iliyoandikwa SEL ya kutenganisha laini hizo mbili. Ichomoe, kisha hakikisha kwa mita: iweke kwenye alama ya mlio, gusa pini ya katikati kwa ncha moja na 5V kwa nyingine. Ikilia, usiunganishe betri.

Kwa mkono wenye viungo vitano au sita mimi napendelea bodi ya kuendeshea sevo ya PCA9685. Inaendesha sevo 16 kwa nyaya mbili tu za I2C (njia ya chipu kuwasiliana), na ina milango miwili ya umeme: VCC ni ya chipu, nayo V+ ni ya sevo. Tatizo ni kwamba pini hizo mbili zimepangwa jirani, na waya ukihama nafasi moja tu umeunguza chipu na pengine Arduino pia. Kwa hiyo betri iingie kwenye tundu la skrubu peke yake, na pini ya V+ iliyo pembeni ifunge kwa utepe wa umeme. Angalia pia kapasita kubwa iliyo juu ya bodi. Ikiwa imeandikwa 10V, inakaribia mno 8.4, weka ya 16V au zaidi. Ukitumia ESP32, VCC ipe volti 3.3, si 5, kwa sababu vizuizi (rezista) vya I2C vilivyo kwenye bodi huvuta laini hadi volti ya VCC. Sevo nyingi hutii ishara ya volti 3.3. Isiyotii itahitaji chipu ya kupandisha ishara kama 74AHCT125, yenye kulishwa volti 5.

Waya hasi wa betri lazima ukutane na GND (pini hasi) ya bodi, la sivyo ishara haina pa kurejea na sevo itatetemeka ovyo. Skrubu ya waya huo ikaze sana. Ikilegea huku Arduino inatumia betri hiyo hiyo, umeme wote wa sevo utatafuta njia kupitia waya mwembamba wa GND, na waya huo utayeyuka.

Lakini kinachowashinda wengi si volti, ni ampea. Sevo yenye nguvu ya kilo 25 kwa sentimita ikizuiwa isizunguke inaweza kuvuta ampea 3 au zaidi, na sevo huvuta karibu kiasi hicho hicho kwa kitambo kila inapoanza mwendo. Sevo sita zikiamka pamoja ni ampea 18. Nyaya za jampa hazibebi hilo. Nyaya mbili kama hizo za sentimita 20, kwenda na kurudi, zina ukinzani wa takriban omu 0.09, hivyo kwa ampea 5 unapoteza zaidi ya volti 0.4 bila kuhesabu viungio vyake. Bredibodi ni mbaya zaidi. Kutoka betri hadi bodi tumia waya wa milimita za mraba 1.5 wenye nyuzi nyingi, mfupi iwezekanavyo. Weka fyuzi bapa ya gari ya ampea 10 kwenye waya chanya karibu kabisa na betri (maduka ya spea huuza pamoja na kishikio), na kapasita ya mikrofaradi 2200, 16V, kwenye tundu la V+. Anayepeleka roboti kwenye KSEF, maonyesho ya sayansi na uhandisi ya Kenya, abebe fyuzi za akiba.

Seli za lithiamu za 18650 zilizotolewa kwenye laptopu kuukuu zinavutia kwa sababu ni rahisi kupata, ila hazikuundwa kwa mzigo wa ghafla. Ukizitumia, weka jozi mbili sambamba. Betri ya LiPo ya 2200 mAh inafaa zaidi. Ukitegemea betri ya sola ya volti 12, pitisha kwenye kipunguza volti cha XL4016 chenye bamba la alumini, na usikidai zaidi ya ampea 5 mfululizo, hasa katika joto la mchana la Kisumu. Kipunguza volti cha LM2596 kinatosha sevo moja tu. Vyote viwili vizungushe skrubu hadi mita isome 7.4 kabla ya kuunganisha sevo.

Arduino nayo usiilishe kwa pini ya Vin kutoka betri hiyo. Sevo zikivuta, betri hushuka chini ya volti 7 na bodi hujiwasha upya katikati ya mwendo. Tumia kipunguza volti kidogo cha volti 5, uingize kwenye pini ya 5V.

Kwenye programu, weka 50 Hz, yaani mipigo 50 kwa sekunde. Kila hatua ya PCA9685 ni mikrosekunde 4.88, kwa hiyo mpigo wa 1000 ni hatua 205, wa 1500 ni 307, wa 2000 ni 410. Saa ya ndani ya chipu hutofautiana kati ya bodi na bodi. Katikati ikionekana imehama, rekebisha namba ya setOscillatorFrequency kwenye programu, kati ya milioni 23 na 27. Anza na 1000 hadi 2000, panua kwa 20 huku ukisikiliza. Sevo ikianza kunguruma bila kusogea imegonga ukingo, nawe urudi nyuma 30. Ukiiacha inanguruma hapo, mota itaungua ndani ya dakika chache.

Sevo haiambii bodi iko wapi, basi amri ya kwanza huirusha kwa kasi yake yote. Unganisha pini ya OE ya PCA9685 (ikiwa juu huzima ishara zote za sevo) na pini ya Arduino, pamoja na kizuizi cha kiloomu 1 kutoka OE hadi VCC ili ikae juu hata kabla programu haijaanza. Washa bodi kwanza huku ishara za sevo zote zikiwa zimezimwa kwenye programu, washa betri ya sevo, kisha shusha OE. Andika nafasi za sevo moja moja, milisekunde 200 baina yake. Mkono uwe umeushika karibu na katikati, vidole mbali na viungo.

Betri ipime kupitia vizuizi viwili vya kiloomu 10 hadi pini ya A0, ambapo 8.4 itasomeka 4.2. Kwa ESP32 weka 20 juu na 10 chini, ipate 2.8. Betri ikishuka hadi volti 6.6 programu iulaze mkono taratibu, halafu ipandishe OE.