Scuttlebutt ni tetesi, si soga

Umeuliza "scuttlebutt" ni nini na kama inafaa kazini. Ni neno la Kiingereza lenye maana ya tetesi: yale ya "nasikia bosi anahamishwa" ambayo hakuna aliyeyatangaza. Soga za kupitisha muda tu, zisizo na habari ndani, huitwa "chit-chat".

Neno limetoka melini. "Butt" ni pipa, "scuttle" ni kutoboa: pipa la maji ya kunywa lililotobolewa ili mabaharia wachote. Wakikutana pale, midomo haitulii. Mpaka leo kwenye jeshi la majini la Marekani bomba la maji ya kunywa linaitwa hivyohivyo. Waaustralia nao huita tetesi "furphy", jina la familia iliyotengeneza mikokoteni ya maji iliyotumika kambini wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918). Maji na umbea, sijui vina undugu gani!

Wamarekani ndio hulitumia zaidi. Kumuuliza mwenzako "What's the scuttlebutt?" kwa utani ni sawa kabisa. Kwenye barua kwa mkurugenzi, andika "rumour". Na usiliongezee "s", kwa kawaida halitumiki kwa wingi.