Maswali na majibu: Ichimatsu, mirabaraba yenye jina la mwigizaji

Katika safu iliyopita niligusia ichimatsu, jina la Kijapani la nakshi ya miraba ya rangi mbili inayopishana kama ubao wa drafti. Nilidhani nimemaliza. Kumbe ndiyo kwanza nimeanza, maana maswali yamemiminika. Haya hapa machache.

*Kamusi yangu inasema "ichi" ni soko na "matsu" ni msonobari. Mbona kwenye nakshi yenyewe sioni soko wala mti? (Mwanafunzi wa lugha, Dodoma)*

Kamusi haikukudanganya, herufi ndizo hizo. Ila hapa hazielezi nakshi, zinaandika jina la mtu. Sanogawa Ichimatsu, aliyeishi kuanzia 1722 hadi 1762, alikuwa mwigizaji wa kabuki, michezo ya jukwaani ambayo hadi leo huchezwa na wanaume hata kwenye nafasi za kike. Mwaka 1741, katika ukumbi wa Nakamura-za mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, alitokea jukwaani kama kijana wa hekaluni aliyevaa hakama, lile vazi pana la kuanzia kiunoni lenye marinda. Lilikuwa na mraba mweupe, mraba wa rangi iliyokoza, mweupe, uliokoza, hivyo hivyo mpaka chini. Kijana mwenyewe alikuwa mzuri wa sura. Wanawake wa mjini wakaitaka nguo ile, na wachoraji wa picha za kuchapwa kwa mbao, kama Ishikawa Toyonobu, wakamchora nayo. Muda si mrefu watu wakawa wanaomba dukani "ya Ichimatsu".

Sisi tuna kaunda suti. Nani aliyewahi kumuuliza fundi "kaunda" maana yake nini? Tulimwona Rais wa Zambia kaivaa, basi.

*Kwa hiyo kabla ya 1741 Wajapani hawakuwa na nakshi hiyo? (Msomaji, Tanga)*

Walikuwa nayo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kuna sanamu za udongo ziitwazo haniwa, zilizosimamishwa juu ya makaburi makubwa ya kale kabla ya karne ya 7, na baadhi yake mavazi yao yana mirabaraba. Ghala la Shosoin mjini Nara, linalotunza mali za karne ya 8, nalo lina vitambaa vya namna hiyo.

Kilichokosekana ni jina hili tu. Watu waliiita ishidatami, yaani sakafu ya mawe yaliyotandikwa, na kwenye mavazi ya kasri iliitwa arare, mvua ya mawe. (Kwa Kiswahili yote mawili yanaangukia kwenye mawe, kwa Kijapani hayafanani hata kidogo.) Halafu akaja mwigizaji mmoja, akabeba jina lote. Ishidatami limebaki zaidi kwenye nembo za koo.

Lakini mawe yalirudi. Ukifika Kyoto, nenda hekalu la Tofukuji, bustani ya upande wa kaskazini. Mwaka 1939 mbunifu wa bustani Shigemori Mirei alitumia tena mawe ya kutandika njia yaliyokuwa yametolewa hapo hapo hekaluni, kwa sababu wenye hekalu hawakutaka kitu kitupwe. Akayapanga mraba wa jiwe, mraba wa kuvumwani, na kadiri unavyosogea mirabaraba inapungua, jiwe moja hapa, jingine kule, hadi kuvumwani inameza yote. Kwangu hiyo ndiyo ichimatsu nzuri kuliko zote, na wala si nguo.

*Shikamoo mwandishi. Nataka kumshonea mwanangu shuka la ichimatsu. Nimeambiwa maana yake ni baraka zisizokatika. Ni kweli? (Mama wa mtoto mmoja, Nakuru)*

Marahaba mwanangu. Ndivyo inavyoelezwa: miraba inaendelea juu, chini, kushoto na kulia bila kukoma, basi ukoo uendelee na biashara iendelee. Wajapani wenyewe huiuza zawadi kwa maneno hayo. Ipokee kama dua njema, ila usiichukue kama asili yake. Wale wanawake wa Edo hawakuwa wanawaza vitukuu, walikuwa wanamuwaza Ichimatsu.

Kama unataka nakshi iliyozoeleka hasa kwenye nguo za watoto wachanga, tafuta asanoha. Inafanana na nyota za pembe sita zilizoshikana. Jina lake ni jani la asa, mmea uliolimwa kwa ajili ya nyuzi za nguo, unaokua haraka na kunyooka, na wazazi waliwaombea watoto wao wakue hivyo. Nikukanye tu kwamba asa ni jamii moja na bangi. Bibi wa mtoto akiuliza, mwambie ni nyota.

*Mimi ni fundi cherehani. Ichimatsu ina tofauti gani na kitambaa cha drafti cha sare za shule? (Arusha)*

Swali zuri kuliko yote, fundi. Chukua kile cha sare ukikodolee macho: utaona rangi tatu. Kuna nyeupe, kuna iliyokoza, na kuna ya kati pale uzi mweupe unapokatana na uzi wa rangi. Hiyo inatokana na mistari kupishana, na Wajapani wana neno jingine kwa nakshi za namna hiyo, koshi. Ichimatsu haina rangi ya kati. Ni miraba ya rangi mbili tu, ya ukubwa mmoja, na ile ya rangi moja hugusana kwa pembe.

Hizo pembe zina kazi. Njia mojawapo ya kutia nakshi Japani ni kuchonga karatasi ngumu iliyolowekwa maji ya tunda la kaki, kuilaza juu ya kitambaa na kupaka gundi ya mchele. Palipo na gundi rangi haiingii. Sasa jaribu kukata miraba ya ichimatsu kwenye karatasi, kila mmoja uguse mwenzake kwa ncha: karatasi yako itakuwa vipande vipande mezani. Lazima uache kishikizo chembamba kwenye kila kona, kisha ufanye kisionekane.

*Mwanangu anataka koti la kijani na jeusi la Tanjiro wa Kimetsu no Yaiba. Ni hiyo hiyo? (Baba, Mombasa)*

Ni hiyo hiyo. Na mshonee bila wasiwasi wa nakshi: wachapishaji wa katuni hiyo waliomba mirabaraba ile isajiliwe kuwa alama yao ya biashara, na mwaka 2021 ofisi ya Japani inayosajili alama za biashara ikawakatalia. Nezuko, dada yake Tanjiro, amevaa asanoha, kama umesoma jibu la hapo juu.

*Nembo ya Olimpiki ya Tokyo nayo iliitwa ichimatsu. Mbona haina miraba mitupu? (Morogoro)*

Umeona vizuri. Mbunifu wake, Asao Tokolo, alitumia vipande 45 vya maumbo matatu, vyote rangi ya nili, na vipande hivyo hivyo 45 akavipanga upya kwa nembo ya Paralimpiki. Ilichaguliwa Aprili 2016, baada ya nembo ya kwanza kuondolewa mwaka uliotangulia kwa madai kwamba inafanana mno na ya ukumbi mmoja wa michezo ya kuigiza Ubelgiji.

*Marehemu bibi ameacha khanga zilizoandikwa kwamba zimetengenezwa Japani. Je, nakshi zake ni za Kijapani? (Lamu)*

Usizihesabu hivyo. Viwanda vya Japani vilichapa khanga nyingi za soko letu katika karne iliyopita, lakini waagizaji walikuwa wafanyabiashara wa huku, na walijua mwanamke wa pwani anataka pindo gani, mji gani na jina gani. Wajapani walichapa walichoagizwa. Ukikuta mirabaraba kwenye pindo, tazama kwanza kama ina rangi ya kati.