Kundi la fuwele lisome kuanzia kwenye mwamba

Ukipewa kundi la fuwele kwa mara ya kwanza, macho yatakimbilia ncha zinazometameta. Ligeuze kwanza, utazame ubavu pale lilipovunjika. Hapo ndipo utakapoona lilivyokua.

Chukua kwatzi, madini magumu ya silika, maana ndiyo utakayokutana nayo sana. Shika lenzi ya kukuza mara 10, uanzie kwenye mwamba. Mwanzo utaona punje ndogo zimebanana, kila moja imeelekea kwake. Sogea milimita chache kuelekea uwazi, yaani nafasi tupu ya tundu ambamo fuwele ziliota: idadi imepungua, zilizobaki zimenenepa, na karibu zote zinauelekea uwazi moja kwa moja. Hazikugeuka njiani. Fuwele ya kwatzi hurefuka upesi kuliko inavyonenepa, kwa hiyo iliyoota imelala hugonga jirani yake ikakwama, na ile iliyouelekea uwazi husonga mbele. Ndiyo sababu kwa kawaida kila moja ina ncha upande mmoja tu.

Wengi hudhani fuwele kubwa ni ishara ya madini mengi ndani ya maji yaliyozikuza. Mara nyingi ni kinyume chake. Myeyusho uliozidiwa mno na madini huanzisha fuwele nyingi kwa mpigo, zote zikabaki ndogo. Uliozidiwa kidogo tu, tena kwa muda mrefu, hulisha chache zikawa kubwa. Katika pango la Naica, Meksiko, lililogunduliwa mwaka 2000 kwenye kina cha mita 300 hivi, fuwele za jasi zimepita urefu wa mita 10. Maji yalidumu karibu na nyuzi 58 za Selsiasi. Anhidraiti, madini kama jasi ila hayana maji ndani yake, iliyeyuka polepole, na jasi ikajengeka kwa mwendo huohuo. Mfano huu ninaupenda kuliko yote.

Kisha angalia nani amemkalia nani. Katika matundu ya basalti, mwamba wa volkano, ni kawaida kukuta akiki (kwatzi ya punje ndogo mno yenye mistari) ukutani, kwatzi juu yake, halafu ametisti, yaani kwatzi ya zambarau, na kalisiti, madini ya chokaa, mwisho. Aliye juu ndiye aliyekuja baadaye.

Kabla hujaling'oa, weka alama ya upande uliokuwa juu, kwa kuwa vumbi la madini hutua kwenye nyuso zinazotazama juu. Usikubali lisafishwe kwa asidi kabla ya kulipiga picha na kuandika mpangilio wake: kalisiti itatoa mapovu na kuyeyuka, na hutajua tena kwamba ilikuwapo.