Maswali ya Wasomaji: Nikisaini mahudhurio ndo nimeukubali mradi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Kijijini kwetu unakuja mradi wa skimu ya umwagiliaji, tumeambiwa hela ni mkopo wa Benki ya Dunia. Walikuja wataalamu wa mazingira na magari mawili wakatuita shuleni, wakaongea weee, mama mmoja akauliza mfereji ukipita pale kwenye makaburi itakuwaje, wakajibu "hilo tumelichukua", tukasaini karatasi tukapewa soda na nauli tukaondoka. Sasa mtendaji anasema ripoti imeshaandikwa kwamba wananchi wameridhia. Hivi kusaini mahudhurio ndo kuridhia? Na tukilalamika si hela zitaondoka tukose hata hayo maji?
– Msomaji, Kilosa

JIBU: Hapana ndugu yangu, ile karatasi inaonyesha ulikuwepo, basi. Shida ni kwamba wakati mwingine inabandikwa nyuma ya ripoti halafu mbele inaandikwa "wadau walishirikishwa kikamilifu" na huko juu nani atajua kama mliongea au mlikunywa soda tu.

Miradi ya Benki ya Dunia iliyoanza kuandaliwa baada ya Oktoba 2018 inafuata masharti mapya ya mazingira na jamii, na humo kuna sharti zima la kushirikisha wadau. Linataka taarifa zitolewe mapema kwa lugha mnayoielewa, na pia iwekwe kumbukumbu ya nani aliulizwa, alisema nini, na hoja yake ilifanyiwa nini au kwa nini haikufuatwa. Kwa hiyo swali la yule mama linatakiwa lionekane kwenye maandishi, na jibu lake pembeni. Nendeni kwa mtendaji mkaombe mpango wa kushirikisha wadau na mpango wa ahadi za mazingira na jamii, huo wa pili ni sehemu ya mkataba wa mkopo, serikali imejifunga nao. Nyaraka hizi huwekwa kwenye tovuti ya Benki, kijana mwenye bando anaweza kuzitafuta kwa jina la mradi. Makaburi yasipoonekana humo andikeni barua, mpeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbaki nayo. Malalamiko ya mdomo yanaishia hapohapo ofisini.

Hela kuondoka, sitakudanganya, inatokea. Mradi wa REGROW wa utalii kusini mwa Tanzania, mkopo wa dola milioni 150, ulilalamikiwa mwaka 2023 kuhusu watu wanaozunguka Hifadhi ya Ruaha, mambo ya kuhamishwa na mifugo kukamatwa, Benki ikasimamisha malipo Aprili 2024 na Novemba mwaka huohuo mradi ukafutwa. Ila mradi kufutwa hakumrudishii mfugaji ng'ombe wake. Ndo maana nakwambia ulizeni sasa hivi kabla mfereji haujachimbwa, kuhamisha mstari kwenye ramani ni kazi ndogo.

SWALI: Mtendaji na watu wa mradi wakinyamaza? Huko Washington nani atasoma barua yangu ya Kiswahili?
– Msomaji, Mbarali

JIBU: Watasoma. Benki ina Jopo la Ukaguzi, liliundwa 1993 baada ya kelele kubwa za bwawa la mto Narmada kule India, na linapokea malalamiko kwa lugha yoyote. Muwe watu wawili au zaidi mnaoathirika, mseme madhara ni nini, na muonyeshe kwamba Benki yenyewe mliiambia kwanza haikuwasikiliza (barua ya mtendaji peke yake haitoshi, na Benki nayo iandikieni mbaki na nakala). Majina mnaweza kuomba yafichwe. Msichelewe lakini, mradi ukishafungwa dirisha linabaki wazi miezi 15 tu.

SWALI: Na kama mkopeshaji ni benki ya nje ambayo haina hata pa kulalamika?
– Msomaji, Lamu

JIBU: Wewe wa Lamu unaniuliza mimi tena! Ule mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa kwenu, hela nyingi zilitarajiwa kutoka China, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilishatoa leseni 2016. Watu wenu walienda kwenye Baraza la Mazingira la Taifa, lile linaloamua kesi za leseni kama mahakama, na Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu moja kubwa ilikuwa hiihii ya Kilosa: mikutano ilifanyika kabla utafiti wa athari haujakamilika, kwa hiyo wananchi walikuwa wanatambulishwa mradi tu, hawakupewa taarifa za madhara ili wazijadili. Miezi michache baadaye Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo ikasema haina mpango wa kuutia hela mradi ule.

Kwa hiyo mkopeshaji akiwa hana mlango, tumieni sheria ya nyumbani. Kenya mna EMCA, sheria ya mazingira ya 1999, na katiba inayotaja ushiriki wa wananchi waziwazi, Tanzania ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na ofisi za NEMC, baraza la serikali la mazingira. Ila angalieni tarehe, rufaa ya leseni ina muda wake na hauongezwi kirahisi, siku mtakayosikia leseni imetoka muwe mmeshaongea na mwanasheria.