Ningemwambiaje mzee kama yule?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Je, ni kazi ya chuo kumfundisha kijana namna ya kumaliza ugomvi kazini, au atalijua hilo akishafika kazini?" Jibu langu ni kwamba ni kazi ya chuo. Mimi ni mwalimu wa umeme katika chuo cha ufundi hapa Iringa, na kila mwaka tunapeleka wanafunzi fildi kwenye viwanda vya mbao vya upande wa Mafinga. Huko nimeona mwanafunzi hodari akiponea chupuchupu kwa kukosa sentensi moja.

Alikuwa binti wa mwaka wa pili. Msimamizi wake alikuwa fundi mkuu wa umri wa baba yake, mtu mchapakazi, mwenye maneno machache. Wiki ya tatu binti akaondoka bila kuaga. Fundi akanipigia simu: "Mwalimu, mtoto wako kazi imemshinda." Nikapanda basi. Nilimkuta kwa shangazi yake, ovaroli ameshaifua na kuikunja, tayari kuirudisha chuoni. Akanieleza kwamba mara tatu alikuwa anakaza nyaya za mashine ya msumeno, na mara zote tatu umeme ukawashwa mikono yake ikiwa bado mle ndani. Mara ya kwanza alisema moyoni ni bahati mbaya. Ya pili akanyamaza. Ya tatu cheche zikamrukia mkononi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na jibu. "Ningemwambiaje, mwalimu? Mzee kama yule?"

Kesho yake nilipomwendea fundi, naye alishtuka kwelikweli. "Mbona hakusema? Huyu akimaliza hasemi, asipomaliza hasemi. Mimi nikiona kimya najua tayari." Kumbe wote wawili walikuwa wanasoma kimya, na kila mmoja anakisoma kivyake.

Lile "ningemwambiaje" sikulisahau. Hakuniuliza kama ana haki ya kusema, alijua anayo. Aliniuliza maneno. Mimi nilikuwa nimemfundisha kupima volti na kusoma mchoro wa saketi, lakini maneno ya kumsimamisha mkubwa wake bila kumvunjia heshima sikuwa nimempa, wala hakuna mwalimu mwingine aliyempa. Somo la stadi za mawasiliano tunalo, ila kwa nilivyoliona linaishia kwenye barua ya kuomba kazi, wasifu, na namna ya kukaa mbele ya jopo la usaili. Tunamwandaa kijana kuingia mlangoni, na akishaingia tunamwacha.

Tuelewe pia anatoka wapi. Mtoto wa huku Nyanda za Juu Kusini hulelewa kumwamkia mkubwa kwa "Kamwene" huku ameinama kidogo, na kutobishana naye. Heshima hiyo naipenda, na wanangu nimewalea nayo. Ila kazini kunyamaza hakuondoi ugomvi, kunauhamisha tu. Atanuna. Atasusa chai ya saa nne na wenzake. Usiku ataweka kijembe kwenye status ya WhatsApp, na asubuhi karakana nzima imeshasoma, kila mtu anauliza kalengwa nani. Halafu siku moja haonekani tena, na kwenye kitabu chake cha fildi inaandikwa kwamba ni mtoro.

Kwa hiyo nikaanza kuwafundisha maneno, kama ninavyowafundisha kushika koleo.

Marshall Rosenberg, mwanasaikolojia wa Marekani, aliacha hatua nne za kuzungumza penye mvutano: sema kilichotokea bila kuhukumu, sema unavyojisikia, sema unachohitaji, kisha omba. Nilizijaribu darasani. Hatua ya pili ilitukwamisha. Kijana wa miaka kumi na tisa akimwambia fundi wa mbao "najisikia vibaya", mazungumzo yamekwisha hapo, atacheka yeye na karakana yote. Nikaiweka pembeni, mahali pake nikaweka madhara kwa kazi au kwa mwili. Kwa hiyo kwetu inakuwa hivi: "Shikamoo, mzee. Samahani. Jana na leo umeme umewashwa nikiwa bado nimeshika nyaya. Leo cheche zimenirukia mkononi. Naomba kabla ya kuwasha uniite, nami nikiwa ndani niweke kufuli kwenye swichi kuu."

Tazameni kisichokuwemo. Hakuna "umenidharau", hakuna "huwa unafanya makusudi", hakuna "kila siku". Neno "kila siku" nimelipiga marufuku kabisa kwenye mazoezi, kwa sababu mkubwa akilisikia ataitafuta ile siku moja ambayo hakufanya, na ugomvi utahamia hapo. Taja siku. "Jana na leo" haina pa kukimbilia. Na ombi liwe kitu kinachoweza kufanyika kesho asubuhi. Ukisema "naomba uniheshimu" hujaomba kitu, maana yeye anaona anakuheshimu tayari.

Tunafanya zoezi watatu watatu: mmoja fundi, mmoja mwanafunzi, wa tatu anaandika maneno kama yalivyotamkwa. Karatasi ya huyu wa tatu ndiyo inayofundisha kuliko mimi. Kijana anaapa kwamba amesema kwa adabu, anasomewa alichosema, ananyamaza. Kabla ya kujibu lolote, kila upande lazima kwanza urudie hoja ya mwenzake: "Kwa hiyo mzee unasema mbao zimechelewa na gari linasubiri, nimekuelewa?" Mwanzoni waliona ni mchezo wa kitoto. Walipogundua kwamba nusu ya muda walikuwa wanajibu jambo ambalo halikusemwa, wakatulia.

Pia nilimwalika fundi seremala wa mjini, mtu wa siku nyingi, aje awe yeye mwenyewe. Alikataa kulainika. Kila walichomwambia alijibu, "Sisi tulijifunza hivihivi." Jibu hilo ndilo wanalokutana nalo huko nje, na darasa zima lilikwama siku mbili. Aliyelifungua alikuwa kijana mpole kutoka Makete: "Ndiyo, mzee. Na vidole vyako vyote vipo. Naomba unionyeshe ulifanyaje ukavitunza." Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kueleza, na akaeleza mpaka kengele ikalia.

Kuna jambo walimu wenzangu hawalipendi ninaposema, lakini nitasema. Hatuwezi kumfundisha mtoto kulalamika kwa adabu huko kiwandani halafu akilalamika kwetu tumwite mkorofi. Muhula uliopita wanafunzi wawili walinijia na kuniambia kwamba kazi zao tatu nimezirudisha bila maksi, kwamba hawajui wapi pa kurekebisha kabla ya mtihani, na wanaomba zisahihishwe kufikia Ijumaa. Damu ilinipanda. Kisha nikaona wamepita hatua zote, moja baada ya nyingine. Ijumaa zilikuwa mezani.

Lakini si kila mgogoro unatibiwa kwa kuzungumza vizuri, na tukiwafundisha hivyo tutakuwa tumewadanganya. Msimamizi anayemshika binti mahali asipotaka hahitaji kuelezwa hatua hizo; binti aondoke hapo, anipigie simu saa hiyohiyo, na chuo kimtoe. Anayenyimwa mshahara, akishaajiriwa, aseme mara moja kwa adabu, kisha aijue njia ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ni ya 2004. Ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kwanza huwakalisha pande mbili chini ya msuluhishi, na wakishindwana ndipo mwamuzi husikiliza na kuamua. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60. Nimekutana na wahitimu waliokaa nyumbani miezi minne wakisubiri bosi apoe. Hizo siku 30 na 60 nawaandikisha darasani kwa kalamu nyekundu.

Yule binti alirudi kiwandani. Tulifanya mazoezi kwenye baraza ya shangazi yake, mimi nikiwa fundi, akakosea mara nne. Siku ya kurudi nilisimama mbali, getini. Sikusikia alichosema, kwa kelele za msumeno. Niliona fundi akiinamisha kichwa kumsikiliza, kisha akaenda stoo akatoka na kufuli, na kipande cha ubao chenye maandishi ya chaki: USIWASHE, FUNDI YUMO.

Ombi langu kwa wanaopanga mitaala ni dogo. Kwenye kitabu cha fildi kuna nafasi ya kazi zilizofanyika na saini ya msimamizi. Uongezwe ukurasa mmoja wenye maswali matatu: ni jambo gani lilikukwaza wiki hii, ulimwambia nani na kwa maneno gani, naye alijibuje? Majibu yasahihishwe na kupewa maksi kama kazi nyingine. Kwa sasa ukurasa huo nauchapisha mwenyewe na kuubandika kwa gundi kwenye vitabu vya darasa langu.