Mwanangu, Mweka haikimbii

Kijitonyama, Dar es Salaam

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako ulinikuta kitandani jana usiku, nikaamka nikakaa. "Mama, nimejiandikisha Kilimanjaro Marathon ya Februari, zile kilomita 42 nzima. Sijawahi kuvuka 10. Miezi minne inatosha? Na joto hili la Dar nilifanyeje?" Baba yako akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu, ila mwanao ana mpango.

Nimeamua kukuandikia badala ya kukurekodia sauti, maana sauti zangu unazisikiliza nusu halafu unajibu "sawa mama".

Kabla sijajibu, nami nikuulize. Hizo 10 unazikimbia kila wiki, au ulizikimbia mara moja siku ile ya mbio za kazini kwenu, ukapiga picha na medali? Usinijibu mimi. Kama unakimbia mara tatu kwa wiki na hulazimishwi na mtu, miezi minne inatosha, ingawa kwa kubana. Kama ni ile mara moja ya medali, omba kubadilishiwa uende 21, na hizo 42 ziache mwaka unaofuata.

Unakumbuka nilianza nikiwa na miaka 49. Nesi mzima, napima watu presha kutwa, siku moja mwenzangu kanifunga ule mkanda kwa utani tu, tukabaki tunaangaliana. Nikaanza kutembea jioni, kutembea kukawa jogging, nikajiunga na kikundi cha mtaani, wale wanaopita alfajiri ya Jumamosi wakiimba na fulana za rangi moja. Raha tupu, mchakamchaka wa shule ya msingi umerudi ukubwani! Lakini kikundi kina ugonjwa wake: hakuna anayekubali kuachwa. Wakiongeza mwendo, unaongeza. Wakisema leo tunafika Kawe, na wewe unafika Kawe. Ndani ya wiki tatu nikaruka kutoka kilomita 15 kwa wiki hadi 40.

Ugoko wa kushoto ukaanza kuuma. Mwanzo uliuma nikishamaliza kukimbia, kisha nikiwa katikati ya kukimbia, mwishowe hata nikishuka ngazi za wodini. Nikapaka dawa ya kuchua, nikafunga bandeji, nikaendelea. Mgonjwa angenifanyia hivyo ningemfokea mbele ya ndugu zake. Siku nilipokaa nikaupapasa ule mfupa kwa kidole gumba, nikakuta sehemu ndogo kama punje ya hindi, ukiigusa machozi yanakutoka. Mfupa ulikuwa umeanza ufa. Nikapigwa marufuku wiki nane, na mbio hizo hizo za Moshi za mwaka ule nikazitazama kwenye simu, mguu juu ya stuli.

Nakusimulia hili kwa sababu ndilo litakalokupata wewe, nakujua. Pumzi huzoea upesi, wiki chache tu unajiona simba. Mifupa na kano zinataka miezi. Kwa hiyo kuna kipindi, hasa mwezi wa pili wa mazoezi, kifua kitakuambia twende na miguu haijawa tayari, na miguu haisemi mpaka imeshaumia.

Dawa yake ni kukimbia polepole kuliko unavyopenda. Namaanisha polepole ya kuona aibu, ya kupitwa na mzee anayetembeza mbwa pale Masaki. Mimi najipima hivi: nikishindwa kumweleza mtu bei ya mchele, mafuta na nyanya bila kukatisha katikati kutafuta pumzi, nimezidisha mwendo, napunguza. Karibu mbio zako zote ziwe za namna hiyo. Siku moja kwa wiki ukitaka kufyatuka kidogo, fyatuka, ila isiwe Jumapili.

Najua utaniambia Simbu. Hata mimi nililia siku ile ya Tokyo, Septemba 2025, Alphonce Simbu alipompita yule Mjerumani kwenye utepe kwa sekunde 0.03, dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Lakini Simbu alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Hiyo ni kama dakika tatu na sekunde tano kwa kila kilomita, mara 42. Jaribu kilomita moja tu kwa mwendo huo pale ufukweni uone. Wewe ukienda dakika saba kwa kilomita bila kusimama utamaliza chini ya saa tano, na mimi nitajisifu kanisani mwezi mzima.

Haya, ratiba. Mbio nne kwa wiki zinakutosha: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi fupi fupi, Jumapili ndefu. Hiyo ndefu ndiyo mwalimu wako. Anza na 12, wiki inayofuata 14, kisha 16, halafu ya nne rudi 12 mwili upumue. Tena 18, 20, 22, rudi 16. Tena 24, 26, 28, rudi 20. Kisha 30, na moja ya 32, basi. Hakuna haja ya kukimbia 42 mazoezini, utajichosha bure. Wiki mbili za mwisho unashusha, 20 kisha 12, na hapo ndipo utaanza kuniudhi, maana utajiona mvivu utake kuongeza. Usiongeze chochote. Kazi inakuwa imeshaisha, unachofanya ni kuusubiri mwili uipokee.

Kipimo chako ni ile Jumapili ya 24, itakuangukia mwisho wa Disemba, pilau la Krismasi likiwa bado tumboni. Ukiimaliza, na kesho yake ukashuka ngazi za kazini bila kushika ukuta, endelea na 42. Ikikushinda, hamia 21. Nusu yenyewe ni mbio kamili, nimewaona wanaume wenye vifua wakilia kwenye kilomita ya 17.

Joto sasa. Umejichagulia miezi mibaya, maana Novemba hadi Februari ndiyo Dar inapochemka. Na tatizo siyo jua peke yake, ungelikwepa kwa kuamka. Ni huu unyevu wa bahari. Jasho linapoza mwili linapokauka, na hapa halikauki, linachuruzika tu mpaka kwenye viatu huku moyo unapiga kama ngoma. Kwa hiyo uwe barabarani saa kumi na moja alfajiri, na zile ndefu uanze saa kumi na nusu. Usishindane na saa ya mkononi mwezi wa Januari. Mwendo utashuka na siyo kosa lako. Moshi asubuhi ni baridi kuliko kwetu, utashangaa miguu imekuwa myepesi. Gizani vaa fulana ya kung'aa, na masikioni usiweke kitu. Bodaboda wa alfajiri hana taa na ana haraka kuliko wewe.

Maji nitayasema kama nesi. Watu wanaogopa kukaukiwa, wanasahau kwamba kuzidisha maji matupu ni hatari vilevile. Unamwaga chumvi kwa jasho kwa muda wa saa nne, tano, halafu unajaza maji tu: chumvi ya damu inazimuliwa, kichwa kinagonga, unatapika, unaanza kuongea ya kwako, na mtu anaweza kupata degedege akafa. Jumapili moja fanya hivi: jipime uzito kabla ya kutoka, na ukirudi jikaushe upime tena. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho. Ukikuta umeongezeka, umekunywa kupita kiasi. Mimi Januari, kwa saa mbili, nilipungua kilo moja na nusu, nikajua kiasi changu. Chupani natia ile tunayowachanganyia watoto wanaoharisha: lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Haina ladha ya maana, ila haijawahi kuniangusha.

Na kitu kimoja sikuombi, nakukataza. Diklofenaki, vile vidonge vya maumivu. Najua vijana mnavimeza kabla ya kutoka "ili goti lisisumbue". Mwili uliopungukiwa maji pamoja na dawa hiyo, wanaoumia ni figo. Goti likiuma, huo ni ujumbe, na ujumbe hauzimwi kwa kidonge.

Viatu sina mengi. Mitumba ya soko la Karume haina ubaya ukijua kuchagua: bonyeza soli kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kama sabuni ya mche, iache hata kama juu kinang'aa, ile sponji imeshakufa. Nunua jioni miguu ikiwa imevimba, na ubakize nafasi ya kidole mbele, la sivyo utaziaga kucha. Mapajani na chini ya kwapa paka mafuta ya mgando, mengi. Baba yako alicheka mpaka siku aliponiona nikioga baada ya kilomita 20 nikipiga kelele.

Kilichobaki ni mlima, na hapa ndipo watu wa Dar tunapoumbuka. Mji wetu ni tambarare, kilima chetu ni daraja. Kule Moshi sehemu ya kwanza ni ya barabara kuu, inakubembeleza, halafu katika nusu ya pili wanakupandisha Mweka, kijiji kilicho kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Kuanzia Disemba, Alhamisi nenda Savei, panda kuelekea Chuo Kikuu, shuka, panda tena mara nne, tano. Na kushuka nako ujifunze, usidhani ni mapumziko.

Mimi sikujua. Mwaka niliofanikiwa kwenda, nilipanda Mweka na kundi la vijana wa Arusha, nikajiona nimo, napiga nao soga. Kugeuka kuanza kushuka, kama kilomita ya 33, mapaja yakawa siyo yangu. Kila hatua kama mtu ananipiga na mwiko. Tena tumboni hakukuwa na kitu, nilikuwa nimeruka meza mbili za maji nikiona foleni inanichelewesha. Mwili una akiba ya wanga ya kama kilomita 30 hivi, ikikwisha unazima kama simu. Ndiyo maana nakwambia siku mbili kabla ule wali, viazi, ugali bila kujipimia, na njiani ule kitu mapema, ndizi au tende kila baada ya dakika 40, kabla njaa haijakuita.

Nikakaa pembeni, kwenye kivuli cha migomba. Kulikuwa na bibi mmoja amesimama na wajukuu kushangilia, amevaa sweta na kitenge. Hakunipa pole. Alinipa ndizi mbivu mbili, akaningoja nizimalize kama unavyomngoja mtoto ameze dawa, akasema, "Shuka sasa mama. Mweka haikimbii, na Moshi iko huko huko chini." Nikashuka natembea, nakimbia, natembea. Saa tano na dakika 40. Medali yenyewe umeiona, imening'inia kwenye msumari wa kalenda.

Na usije ukaniletea habari za Akhwari. Kila penye mbio fulana moja lazima imtaje John Stephen Akhwari, Mexico 1968, alivyoanguka akaumia goti akaingia uwanjani wa mwisho, mguu una bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Namheshimu, sana. Lakini yule alikuwa amevaa nchi nzima kifuani. Wewe umelipa kiingilio kwa simu na Jumatatu unatakiwa kazini. Ukiumia, toka pembeni, kaa, nipigie. Nitakusema kidogo tu.

Kapime presha na moyo wiki hii kabla ya kitu chochote. Baba yako mdogo unajua kilichompata.

Jumapili nitakuwa Morocco, upande wa kituo cha daladala, saa kumi na moja kasorobo. Tutashuka barabara ya Ali Hassan Mwinyi hadi Daraja la Selander, tuingie barabara ya baharini, turudi kwa Daraja la Tanzanite kukiwa ndiyo kunapambazuka, tutokee Coco Beach, tukizungusha kidogo zitatimia hizo 12 za kwanza. Mimi ndiye nitakayeongoza mwendo. Soksi zile nyembamba za ofisini ziache nyumbani. Baba yako anasema atatufuata na gari lenye maji. Beba chupa yako.

Mama yako